Picha Mbili Zilizobaki Rumonge

Batuli binti Radjabu alikuwa na kazi tatu kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Alifagia ua, akageuza ndagala, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa juu ya mkeka ili zikauke pande zote mbili, kisha akampelekea baba yake uji barazani alipokuwa akishona nguo na maturubai. Akimaliza, alinawa miguu, akachukua daftari zake na kukimbia, maana nyumba yao ilikuwa mtaa wa chini karibu na ziwa na shule ilikuwa juu, ng'ambo ya barabara kuu.

Ilikuwa mwaka 2003, na vita vilikaribia kutimiza miaka kumi. Watu wa Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, walikuwa wamejifunza kuishi navyo kama mtu anavyoishi na jirani mgomvi. Siku milio ya risasi iliposikika milimani, walifunga milango mapema. Siku barabara ya Bujumbura ilipofungwa, chumvi na sabuni zilipanda bei. Siku ya utulivu, soko lilijaa kama kawaida na watoto walienda shule.

Batuli alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Katika hesabu hakuwa na mpinzani ila mmoja, Espoir, mtoto wa seremala aliyehamia kutoka Kivu ya Kusini. Mwalimu wao wa hesabu aliitwa Éphraïm, mtu mwembamba mwenye kuweka kalamu nyuma ya sikio. Asubuhi alifundisha, na mchana alisimamia chumba kimoja nyuma ya soko, ambacho watu wa mji walikiita Ofisi ya Kutafuta Jamaa.

Vita vilikuwa vimewatenganisha wengi. Wengine walikimbia kutoka milimani wakashuka ziwani; wengine walivuka kutoka Kongo, mtumbwi huu ukaishia Rumonge na ule ukaishia Kigoma. Mama alijikuta huku, mtoto kule. Kwa hiyo Mwalimu Éphraïm alikusanya picha na majina ya wanaotafuta jamaa zao, akaviingiza kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa imetolewa msaada. Kila baada ya wiki kadhaa boti ilipeleka picha hizo Kigoma. Huko, kwenye kambi ya wakimbizi, zilichapishwa kwenye karatasi na kubandikwa ubaoni ili watu wazitazame.

Picha zilisafiri ndani ya disketi. Disketi ilikuwa kibamba cheusi cha plastiki, mraba, kilichoweza kuingia mfuko wa shati. Zilikuwa adimu mjini kuliko sukari.

Jumatano moja mchana, Mwalimu aliwaita Batuli na Espoir ofisini, walikozoea kumsaidia.

"Tuna watu arobaini," alisema. "Boti ya nahodha Zakaria inaondoka hapa keshokutwa alfajiri. Nataka mnipatie jibu moja tu: picha hizi zitahitaji disketi ngapi? Nina disketi nne, lakini zahanati nayo inaniomba mbili."

Akawaonyesha kioo cha kompyuta. Mbele ya kila picha palikuwa na namba, na mbele ya namba palikuwa na herufi mbili.

"Kompyuta yetu imefundishwa Kifaransa," alisema akicheka. "Ko ni kilobaiti, Mo ni megabaiti. Hivyo ndivyo inavyopima ukubwa wa kitu kilichohifadhiwa. Megabaiti moja ni kilobaiti 1024. Disketi moja inabeba kilobaiti 1440, lakini sisi tuhesabu 1400 tu, tuache nafasi kidogo. Mmeelewa?"

Espoir alikuna kichwa. Batuli alikuwa ameishika ile Ko, lakini Mo ilikuwa imempita kama upepo. Kwa nini 1024? Ni kubwa au ni ndogo? Alitaka kuuliza. Lakini tangu darasa la kwanza hakuna aliyewahi kumsikia Batuli akisema hajaelewa, na leo hakutaka kuanza mbele ya Espoir.

"Tumeelewa, Mwalimu," alisema.

Wakaanza kazi. Espoir alisoma kwenye kioo, Batuli akaandika kwenye karatasi.

"Ya kwanza, 70 Ko. Ya pili, 68 Ko. Ya tatu, 72 Ko..."

Walipofika ya sita, Batuli aliacha kuandika zile herufi.

"Andika na Ko yake," Espoir alimwambia.

"Kila mstari Ko, Ko, Ko, kama kuku anayetaga? Tunajua zote ni Ko. Soma."

Espoir akaendelea kusoma. Walipofika picha ya thelathini na nane, baba yake alimwita kutoka nje amsaidie kubeba mbao, naye akaondoka. Batuli akazisoma mbili za mwisho mwenyewe. Ya thelathini na tisa ilikuwa ya Mzee Kabwe, msuka vikapu aliyekuwa akimtafuta binti yake. Ya arobaini ilikuwa ya Cirhuza, mtoto wa miaka saba aliyekuwa akilelewa na Mama Pascasie, jirani yao. Mbele ya kila moja kioo kilionyesha 1,2 Mo, moja nukta mbili kwa maandishi ya Kifaransa. Batuli aliandika 1,2 na tena 1,2.

"Hizi ni ndogo mno," aliwaza. "Hata hazifiki mbili."

Akajumlisha. Zile thelathini na nane za mwanzo zilifika 2660. Akaongeza 1,2 mara mbili, akapata 2662,4. Disketi mbili hubeba 2800. Alirudia kujumlisha mara mbili, na jibu halikubadilika.

"Disketi mbili zinatosha, Mwalimu, na nafasi inabaki."

"Umehakikisha?"

"Nimehakikisha."

Mwalimu alifurahi. Jioni hiyo hiyo Mama Consolée, muuguzi wa zahanati, alipopita, alimkabidhi disketi mbili zilizobaki.

Kesho yake Mwalimu alilazimika kwenda Magara, kwa sababu watu wapya walikuwa wamefika huko na kulala ufukweni. Alimwachia Batuli ufunguo.

"Umeme utakuja saa nane," alimwambia. "Nakili picha kwenye disketi zile mbili, tia kwenye bahasha pamoja na orodha ya majina, funga. Nahodha Zakaria atapita kuichukua saa kumi na moja. Umeniona nikinakili mara nyingi, utaweza."

Umeme ulikuja saa nane na robo. Batuli aliweka disketi ya kwanza, akanakili picha kumi na tisa, moja baada ya nyingine. Mashine ilikuwa ikikoroma kama mtu mwenye mafua. Akaweka ya pili, akanakili nyingine kumi na tisa. Zikabaki mbili. Akaichagua ya Mzee Kabwe.

Maneno yakatokea kwenye kioo: nafasi haitoshi.

Alidhani amebonyeza vibaya. Akarudia. Nafasi haitoshi. Akairudisha disketi ya kwanza. Nafasi haitoshi. Akajaribu ya Cirhuza, jibu likawa lile lile. Alitazama karatasi yake ya hesabu. Kila jumla ilikuwa sawa. Ilikuwaje basi?

Nje, sauti nzito ya nahodha Zakaria ilikuwa tayari inawasalimia wauza ndizi.

Batuli angeweza kumwambia asubiri. Angeweza kumwambia kuwa picha mbili zimekataa kuingia. Lakini aliiona tayari sura ya Espoir akisikia, na Mwalimu akiitoa kalamu sikioni. Akatia disketi kwenye bahasha, akatia na orodha yenye majina arobaini, akafunga kwa gundi na kuandika juu yake: Disketi 2, picha 40.

"Kazi nzuri, mwanangu," Zakaria alisema akiitia bahasha kifuani. "Kesho napakia mawese Kigwena, keshokutwa asubuhi navuka."

Ijumaa asubuhi Mwalimu alirudi kutoka Magara, vumbi hadi kwenye nyusi. Alimkuta Batuli kwenye lango la shule.

"Zote arobaini zimeingia?"

"Zimeingia, Mwalimu."

Neno lilitoka upesi kuliko alivyotarajia. Mwalimu akamshukuru na kwenda kunawa.

Siku hiyo masomo yaliisha saa tano. Batuli alipofika nyumbani, Cirhuza alikuwa ameketi juu ya jiwe mbele ya mlango wa Mama Pascasie, akiwa amevaa shati lile lile alilopigiwa picha. Alikuwa mtoto wa maneno machache, mwenye kovu dogo kidevuni. Usiku ule wa kukimbia Kongo, mikono ya watu ilimpakia kwenye mtumbwi mmoja na mama yake kwenye mwingine.

"Dada Batuli," aliita. "Picha yangu sasa iko mu boti?"

Batuli alijifanya anatafuta kitu ndani ya mfuko wa daftari.

"Ikilowa maji itakufa?" Cirhuza aliuliza tena. "Ama waliifunga vizuri?"

"Wameifunga vizuri," Batuli alijibu, akaingia ndani haraka.

Mama yake, Mwamini, alikuwa amepika wali na ndagala za nazi, chakula cha Ijumaa. Batuli aliutazama wali kama aliyeletewa mchanga.

"Chakula kina kosa gani leo?" mama aliuliza.

"Hakina kosa, mama."

"Basi kosa liko kwa nani?"

Maneno yakaanza kutoka, polepole mwanzoni, halafu yote kwa pamoja: karatasi, disketi, picha mbili, bahasha, na lile neno "zimeingia". Alipomaliza, machozi yalikuwa yamefika kwenye kidevu.

Mwamini hakupiga kelele. Aliifunika sahani ya binti yake kwa kawa.

"Mimi hizo kilobaiti sizijui," alisema. "Boti ya Zakaria naijua. Turubai lake kashona baba yako. Iko Kigwena mpaka kesho asubuhi. Ukikaa hapa kulia, itaondoka nawe unalia. Nenda kwa Mwalimu wako sasa hivi, umwambie kama ulivyoniambia mimi."

"Atanifukuza ofisini."

"Huenda. Lakini mtoto wa watu anangoja mama yake."

Batuli alimkuta Mwalimu ofisini akipanga karatasi za watu wa Magara. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mwalimu, nilikudanganya. Picha hazikuwa arobaini. Mbili zilikataa. Ya Mzee Kabwe na ya Cirhuza."

Mwalimu Éphraïm aliitoa kalamu sikioni, akaiweka mezani.

"Lete karatasi yako ya hesabu," alisema.

Akaisoma kutoka juu hadi chini. Kidole chake kikasimama kwenye mistari miwili ya mwisho.

"1,2 ya nini?"

"1,2... Ko?"

"Njoo utazame kioo."

Batuli akatazama. Safari hii aliiona herufi ya kwanza sawasawa. Ilikuwa M.

"Ukienda sokoni," Mwalimu alisema, "mtu mmoja akakwambia ana mawese sabini, na mwingine ana mawese moja. Nani ana mengi?"

"Mwenye sabini."

"Sabini ni vijiko. Moja ni pipa."

Batuli akafunika mdomo kwa mkono.

"Namba peke yake haisemi kitu mpaka itaje kipimo chake," Mwalimu aliendelea. "Huwezi kujumlisha vijiko na mapipa kama vile ni kitu kimoja. Kwanza geuza vyote viwe vijiko. Haya, megabaiti moja ni kilobaiti ngapi?"

"1024."

"Na 1,2?"

"Mwalimu," Batuli alisema kwa sauti ndogo, "juzi niliposema nimeelewa, sikuwa nimeelewa. Sijui nizidishe au nigawanye."

Mwalimu alimtazama, na uso wake ukalegea kidogo.

"Haya, hilo ndilo nilipaswa kulisikia Jumatano. Unatoka kwenye pipa kwenda kwenye kijiko. Vijiko vitakuwa vingi au vichache?"

"Vingi."

"Basi zidisha. Ungekuwa unatoka kwenye kijiko kwenda kwenye pipa, ungegawanya."

Batuli akachukua kalamu. Alizidisha 1024 kwa 1,2, akapata 1228,8.

"Karibu kilobaiti 1229," alisema. "Kwa picha moja! Karibu inajaza disketi nzima. Na mbili ni 2458. Tungehitaji disketi nne, Mwalimu. Kwa nini zimekuwa kubwa hivyo?"

"Zilipigwa na mgeni mmoja aliyepita hapa na kamera mpya. Tazama." Mwalimu aliifungua picha ya Cirhuza. Mtoto alikuwa mdogo katikati, na kando yake palikuwa na ukuta mzima, mgomba, na mbuzi wa Mama Pascasie. "Mama yake hamtafuti mbuzi. Tutakata tubaki na uso, kisha tupunguze."

"Kovu litaonekana?"

"Tutahakikisha linaonekana. Lakini hatuna disketi ya kuwekea, na zile mbili ziko Kigwena. Leo umeme umekuja mapema, na unakatika saa tisa. Sasa ni saa saba na nusu. Nenda zahanati kwa Mama Consolée, mwombe turudishiwe moja. Na umwambie kwa nini."

Batuli alitamani Mwalimu aende mwenyewe, lakini alikimbia. Njiani alipita karakana ya baba yake Espoir, na Espoir akamwona.

"Unakimbilia wapi?"

"Zahanati. Ile Ko uliyoniambia niandike, ulikuwa na haki. Nimeacha watu wawili kwa sababu yake."

Espoir akatupa randa chini na kukimbia naye.

Mama Consolée alikuwa akichanja watoto surua. Foleni ilifika nje. Batuli alisubiri mpaka mtoto mmoja alipomaliza kulia, akasogea na kueleza mbele ya akina mama wote, maana hapakuwa na pa kujificha. Muuguzi alisikiliza huku akifuta mikono.

"Moja nimeshaitumia," alisema. "Nyingine nilikuwa naiweka kwa orodha ya Jumatatu." Akaivuta droo. "Orodha yangu nitaiandika kwa mkono. Chukua. Na siku nyingine, mutoto wangu, usitegemee nicheke; nitakwambia disketi zimekwisha."

"Murakoze cane, mama," Batuli alishukuru kwa Kirundi.

Walirudi ofisini saa nane ikipita. Mwalimu alikuwa amekwisha kukata picha ya Mzee Kabwe. Akamwachia Batuli kiti, akamwonyesha jinsi ya kukata ya Cirhuza. Batuli alisogeza mipaka taratibu, akauacha mgomba nje, akamwacha mbuzi nje, mpaka ukabaki uso, macho mawili makubwa na kovu la kidevuni. Wakahifadhi. Kioo kikaonyesha ukubwa mpya, na Espoir akasoma kwa sauti:

"Mzee Kabwe, 71 Ko. Cirhuza, 64 Ko."

Batuli aliandika zote mbili pamoja na herufi zake, akajumlisha. Kilobaiti 135, kwenye disketi yenye nafasi ya 1400. Ziliingia kwa sekunde chache tu. Umeme ulipokatika, disketi ilikuwa tayari mfukoni mwa Mwalimu.

"Amri ya kutotoka nje usiku inaanza saa kumi na mbili," Mwalimu alisema akitoa baiskeli. "Tukienda sasa tutarudi mapema. Espoir, mwambie mama yake Batuli tunakokwenda. Batuli, panda."

Barabara ya Kigwena ilipita kando ya ziwa, halafu ikaingia katikati ya michikichi. Siku ilikuwa tulivu. Wanawake walikuwa wakikamua mawese kando ya njia, na harufu yake ilikuwa nzito hewani. Kwenye kona moja palikuwa na kizuizi cha kamba na askari kijana aliyekaa juu ya tairi.

"Amahoro," Mwalimu alisalimia, akashuka na kutoa kitambulisho chake.

"Amahoro. Mfukoni iko nini?"

Mwalimu akaitoa disketi. Askari aliigeuza, akaipeleka kwenye mwanga, akaitikisa karibu na sikio.

"Ndani yake kuna picha za watu wawili, afande," Batuli alieleza. "Wanatafuta jamaa zao waliovuka ziwa."

"Watu wawili humu? Na haina uzito?" Askari alifikiri kidogo, akairudisha. "Mama yangu mdogo naye alikimbilia kule. Ofisi yenu iko wapi?"

"Rumonge, nyuma ya soko."

"Siku nikipata ruhusa, nitakuja," alisema, akashusha kamba.

Boti ya Zakaria ilikuwa imesogezwa hadi ufukweni, na vijana wanne walikuwa wakivingirisha mapipa ya mawese juu ya mbao. Mwalimu alisimamisha baiskeli chini ya mchikichi, akampa Batuli ile disketi. Hakumfuata.

"Nahodha," Batuli alisema, "nimeleta disketi nyingine ya kutia kwenye bahasha."

Zakaria alishangaa. "Bahasha nilipewa imefungwa, na imeandikwa picha arobaini."

"Niliandika mimi. Hazikuwa arobaini, zilikuwa thelathini na nane. Nilijua, nikanyamaza."

Wapakiaji waliacha kuvingirisha. Zakaria alimtazama, kisha akamtazama Mwalimu kule chini ya mchikichi, akatoa bahasha kifuani.

"Mimi husaini ninachobeba," alisema bila hasira. "Ukiandika uongo, unaufanya uwe wangu pia. Haya, fungua mwenyewe, urekebishe."

Batuli alifungua, akatia disketi, akafuta ile 2 na kuandika 3. Chini yake aliandika jina lake. Yeye na Mwalimu walirudi Rumonge saa kumi na moja na nusu, na jua bado lilikuwa juu ya ziwa. Usiku huo Batuli alikula wali wake wote ukiwa umepoa.

Wiki tano zilipita. Boti iliporudi, Zakaria alileta barua iliyoandikwa kwa mkono. Watu walijaa mbele ya ofisi mpaka kwenye vibanda vya soko, na Mwalimu akampa Batuli aisome.

Kati ya watu arobaini, sita walikuwa wametambuliwa. Batuli alisoma jina la kwanza, la pili, la tatu, na kila jina lilipotajwa mtu alipiga yowe au alikaa chini. La sita lilikuwa la Cirhuza. Mama yake alikuwa hai. Alimtambua kwa kovu alilopata alipoanguka kwenye kinu, na alikuwa akiomba aletwe kwa boti ijayo. Mama Pascasie alimnyanyua mtoto juu, akicheka na kulia kwa pamoja. Cirhuza mwenyewe aliuliza tu kama ataruhusiwa kuvaa shati lile lile.

Watu walipoanza kutawanyika, Mzee Kabwe alibaki, ameegemea fimbo yake. Jina lake halikusomwa.

"Mjukuu wangu," alimwuliza Batuli, "picha yangu ilifika kule?"

Batuli alimtazama machoni. "Ilifika, babu. Imeandikwa hapa kwamba imebandikwa ubaoni, namba 39. Bado hajatokea wa kuitambua."

"Ilifika kweli?"

"Kweli, babu. Nimeipeleka mwenyewe mpaka kwenye boti."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. "Basi nitangoja. Mtu anaweza kungoja akijua kilichotumwa kimefika." Akaondoka na vikapu vyake begani.

Mwalimu Éphraïm alikuwa amesikia yote. Alivuta kiti, akamwita Batuli na Espoir waketi.

"Hesabu yenu ya Jumatano ile ilikuwa na makosa mawili," alisema. "La kwanza ni la vipimo, na hilo linanigusa na mimi, kwa sababu sikuipitia karatasi. Hilo tulilimaliza kwa kalamu na dakika kumi. La pili lilikuwa la kusema 'nimeelewa' na 'zimeingia'. Kulimaliza hilo kulihitaji disketi ya wagonjwa, baiskeli, kizuizi cha askari na boti ambayo ilikuwa bado haijaondoka. Ingekuwa imeondoka, yule mzee leo ungemjibu nini?"

Batuli alitazama njia aliyopita Mzee Kabwe na vikapu vyake.

"Kila anayehesabu hukosea, hata mimi. Akilisema kosa lake, watu humsaidia, kama ulivyosaidiwa. Akilificha, wanaoumia ni wengine, nao hawajui hata kwa nini wanaumia. Kwa hiyo katika ofisi hii, kuanzia leo, usipoelewa utasema, hata kama ni mara kumi. Nami sitachoka."

Akageukia kompyuta na kufungua orodha ya watu wapya wa Magara. Batuli alivuta karatasi safi, akachora mstari katikati: upande mmoja wa namba, upande wa pili wa kipimo chake.

"Soma, Espoir," alisema, "lakini usikimbie."